SOMO LA MWEZI: Bomba la kushikia chooni lising'oke. Jinsi ya kuchagua plagi, biti na skrubu kulingana na ukuta



Katika jarida hili tunazungumza sana juu ya sabuni, vyandarua na maji safi. Leo tutazungumza juu ya skrubu. Usicheke, bado tuko kwenye afya. Wahudumu wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba tunawashauri watu kuweka bomba la kushikia chooni kwa ajili ya wazee, wajawazito na wenye ulemavu, kuweka dawa na klorini juu mahali watoto hawafiki, kuning'iniza chandarua vizuri, na kuweka maji ya kunawa karibu na choo. Vitu hivi vyote vinashikiliwa na ukuta. Kama kilichovishika ukutani ni kibovu, ushauri wetu unaanguka pamoja na ukuta.

Chukua mfano wa mzee mmoja wa hapa kwetu. Familia yake ilimwekea bomba zuri la chuma chooni, kazi ambayo jirani wote waliisifu. Baada ya wiki chache mzee aliingia usiku, akachuchumaa, na alipovuta bomba ili ainuke likatoka lote na skrubu zake. Alianguka nyuma akavunjika kifundo cha mkono. Tulipoangalia ukuta asubuhi tulikuta mambo manne. Tundu moja lilikuwa kwenye kiungo cha tope katikati ya matofali. Plagi zilikuwa namba 8 lakini matundu yametobolewa kwa biti ya 10. Skrubu zilikuwa fupi. Na plagi zenyewe nusu yake ilikaa ndani ya plasta tu, haikufika kwenye tofali. Pesa zilitumika, fundi alilipwa, vifaa vyote vilikuwepo. Hakuna aliyelinganisha kimoja na kingine. Tutarudi kwenye kila kosa hapo chini.

Plagi ni nini na inashika vipi?

Hapa sisemi plagi ya umeme. Nasema kile kidude cha plastiki kinachoingizwa ukutani kabla ya skrubu. Wengine wanakiita fisha, kwa jina la Bwana Artur Fischer wa Ujerumani aliyetengeneza plagi ya nailoni mwaka 1958. Kabla yake, mwaka 1911, Mwingereza John Joseph Rawlings alikuwa ametafuta hati ya kulinda ubunifu wa plagi yake ya nyuzi. Na kabla yao wote mafundi walikuwa wakipasua ukuta na kugongomea kipande cha mti, jambo ambalo wengi wetu bado tunalifanya na si baya, kama mti ni mkavu. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na skrubu inabaki inacheza.

Plagi inashika kwa sababu skrubu ikiingia inaitanua, nayo inabana kuta za tundu. Basi ili ishike inahitaji vitu vitatu: tundu linaloibana, skrubu nene ya kutosha kuitanua mpaka mwisho wake, na ukuta mgumu unaokubali kubanwa. Kikikosekana kimoja tu, umeweka pambo.

Kwanza ujue ukuta wako

Watu wengi huanza dukani. Mimi nakuomba uanze ukutani. Katika makazi yetu hapa Uganda kuna kuta za namna nyingi: tofali mbichi za udongo, miti iliyokandikwa tope, tofali za kuchoma, bloku za simenti, na zege kwenye baadhi ya vyoo vya shule na kliniki. Plasta ya juu inaweza kukudanganya. Nyumba ikipigwa simenti nje unadhani yote ni simenti, kumbe ndani ni udongo.

Tobolea tundu dogo la majaribio mahali pasipoonekana, kisha tazama vumbi linalotoka. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Vumbi la kijivu au jeupe, tena biti inakwenda kwa shida, ni zege au bloku ngumu. Udongo wa kahawia unaotoka kwa urahisi, wakati mwingine una unyevu kidogo, ni tofali mbichi. Na kama biti inasukumwa kwa nguvu halafu ghafla inadumbukia, umefika kwenye uwazi wa bloku yenye mashimo.

Kama ukuta ni wa udongo, acha kabisa kununua plagi kwa ajili ya kitu ambacho mtu atakivuta kwa uzito wake. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanabadilisha plagi ndogo kwa kubwa, kisha kubwa zaidi, mpaka tofali linapasuka. Udongo haukubali kubanwa, unasagika na kuwa unga. Dawa ya ukuta huo ni nyingine, nitaieleza.

Biti gani?

Biti za drili ziko za aina tatu, na dukani zinachanganywa kwenye boksi moja. Biti ya ukuta ina kichwa kilichobandikwa kipande cha chuma kigumu sana, kipana kidogo kuliko mwili wake, na ncha yake si kali. Biti ya mbao ina ncha ndogo ya sindano katikati. Biti ya chuma ina ncha kali ya mteremko na mwili wake wote ni wa unene mmoja. Ukitumia biti ya chuma kwenye tofali utaimaliza kwa tundu moja au mawili, na tundu lenyewe litakuwa baya. Ukitumia biti ya ukuta kwenye mbao utachana mbao.

Unene wa biti umeandikwa kwenye shina lake kwa milimita. Kanuni ni rahisi: namba ya plagi ni namba ya biti. Plagi ya 6, biti ya 6. Plagi ya 8, biti ya 8. Plagi nyingi za kijivu zimechapwa namba mbili, kwa mfano 8 na 40. Ya kwanza ni unene wa tundu, ya pili ni urefu wa plagi. Zile za rangi huuzwa pia: mara nyingi nyekundu hutaka biti ya 6, kahawia biti ya 7, na buluu biti ya 10. Lakini usiamini rangi peke yake, viwanda havifanani. Soma namba, na kama imefutika, toboa kwanza kwenye tofali lililovunjika ujaribu.

Plagi nzuri inaingia kwa kugongwa polepole na nyundo. Ikiingia yenyewe kwa kidole na kuzunguka, tundu ni kubwa. Hilo ndilo kosa la biti ya 10 kwa plagi ya 8. Wengine huongeza njiti za kiberiti au kipande cha mfuko. Kwa picha ya harusi sawa, kwa bomba la mzee hapana: toboa upya mahali pengine, mbali kidogo na tundu la zamani.

Kama drili yako ina sehemu ya kupiga nyundo, itumie kwenye zege tu. Kwenye tofali za kuchoma, ambazo nyingi za hapa ni laini, na kwenye bloku zenye mashimo, izime uache biti izunguke tu. Ukipiga nyundo unapanua tundu na kupasua tofali kwa ndani bila kuona.

Hakuna drili? Keekee ya mkono inatosha kwa tofali la kuchoma, taratibu. Kwenye zege ya mkono inachosha sana. Ni heri watu wa bloku moja wachange wakodi drili ya betri kwa siku moja na kufanya vyoo vyote vinavyohitaji.

Skrubu: unene na urefu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Unene kwanza. Plagi za nailoni za kawaida hukubali hivi: plagi ya 6 inataka skrubu ya milimita 4 mpaka 5; plagi ya 8 inataka 4 na nusu mpaka 6; plagi ya 10 inataka 6 mpaka 8. Skrubu nyembamba inaingia kwa raha lakini haitanui kitu. Kama unaizungusha kwa vidole viwili bila jasho, hiyo si skrubu yake. Kwa kitu cha kuvutwa na mtu chukua ile nene zaidi katika kipimo hicho.

Sasa urefu. Skrubu lazima ipite plagi nzima na ncha yake itokeze kidogo upande wa pili, ndipo plagi itanuke mpaka mwisho. Jumlisha hivi: unene wa kitu unachofunga, ongeza plasta, ongeza urefu wa plagi, ongeza unene wa skrubu yenyewe. Mfano: bamba la bomba lina milimita 4, plasta ina 15, plagi ni ya 10 yenye urefu wa 50, skrubu ni ya 8. Jumla ni 77. Nunua skrubu ya 80. Tundu nalo liwe refu kuliko sehemu ya skrubu itakayoingia ukutani, kwa hiyo toboa kama 85. Funga uzi au utepe kwenye biti kwenye alama ya 85 ili ujue pa kusimama.

Umeona plasta nimeihesabu kama kitu cha kupita tu? Plasta haibebi mzigo. Plagi yote ikae ndani ya tofali. Ili kuisukuma mpaka huko, ingiza skrubu mizunguko miwili kwenye mdomo wa plagi, gonga polepole mpaka izame kupita plasta, kisha fungua skrubu uweke bomba lako.

Angalia pia unene wa ukuta. Kama ni wa sentimita 10 tu, tundu la milimita 85 litapasua upande wa pili. Hapo tumia bolti ya kupenya, nitaieleza sasa hivi.

Chagua skrubu zilizopakwa zinki au zisizoshika kutu, maana chooni kuna unyevu na hewa kali. Zile nyeusi nyembamba za gipsamu ni rahisi kupatikana, lakini zinakatika kichwa na zinaota kutu haraka. Na tafadhali, skrubu inazungushwa kwa bisibisi au spana. Ukiigonga kwa nyundo umeharibu plagi.

Usitoboe kwenye kiungo cha matofali, hasa kama kimejengwa kwa tope. Toboa katikati ya tofali, mbali na ukingo wa ukuta na pembe ya mlango. Baada ya kutoboa toa vumbi lote, kwa maana vumbi linafanya plagi iteleze. Pampu ya baiskeli na mrija mdogo vinafanya kazi hii vizuri. Usipulize kwa mdomo, vumbi litarudi machoni.

Ukuta wa udongo je?

Wengi wetu tunaishi humo, kwa hiyo msikate tamaa. Ziko njia tatu na mimi napenda zaidi ya kwanza.

Njia ya kwanza ni kuacha ukuta upumzike. Simika nguzo mbili za mti mgumu au chuma ardhini na ufunge bomba juu yake. Kina cha nguzo kiwe nusu mita au zaidi, ushindilie mawe na udongo, au zege ukiweza. Kwa choo cha shimo kuna tahadhari kubwa: nguzo isichimbiwe karibu na mdomo wa shimo, kwa sababu utadhoofisha ukingo unaobeba sakafu. Iwe nje ya shimo kabisa. Kama huna uhakika shimo linaishia wapi, muulize aliyelichimba au umwite msimamizi wa usafi wa mazingira kabla ya kugusa jembe. Mti upakwe oili chafu chini kwa ajili ya mchwa.

Njia ya pili ni bolti ya kupenya. Toboa ukuta mpaka upande wa nje, pitisha bolti ndefu, na nje weka kipande kipana cha bamba la chuma au ubao mgumu, kisha washa na nati. Hapo ukuta haubanwi kwa ndani, unakumbatiwa pande zote mbili. Bamba likiwa dogo litazama kwenye udongo, kwa hiyo liwe angalau upana wa kiganja. Mvua isilowanishe sehemu hiyo.

Njia ya tatu ni kwa anayejenga sasa. Weka vipande vya mbao ngumu na kavu katikati ya mistari ya matofali mahali unapotaka rafu au bomba, virefu kufikia unene wa ukuta. Baadaye utafunga skrubu kwenye mbao moja kwa moja. Mwambie fundi kabla hajafika juu ya kiuno.

Kwa bloku zenye mashimo, plagi fupi inatanuka kwenye hewa. Tafuta sehemu ya bloku iliyojaa, au jaza uwazi kwa simenti na mchanga. Simenti mpya uilowanishe kila siku kwa siku 7 hivi kabla ya kuitoboa na kuipa mzigo.

Mzigo unavuta kuelekea wapi?

Watu hudhani rafu inaanguka chini. Kwanza inavutwa nje. Weka bidoni la lita 20 juu ya rafu. Hilo ni kilo 20. Kama katikati ya bidoni pako sentimita 15 kutoka ukutani, na mkono wa rafu una sentimita 10 kutoka skrubu ya juu mpaka unapoegemea chini, basi skrubu za juu zinavutwa nje kwa kilo 30, kuliko hata uzito wa bidoni. Ukitumia mkono wa rafu wenye sentimita 30, zinavutwa kwa kilo 10 tu. Plagi ni zile zile. Kwa hiyo mkono mrefu wa kushuka unasaidia kuliko kununua plagi kubwa.

Kwa maji ya kunawa, kusema kweli, mimi sishauri ukuta kabisa. Kibuyu chirizi kwenye miti miwili na kamba ya kukanyaga kinatosha, na mtu hashiki kwa mikono michafu.

Chandarua nacho ni chepesi. Kamba nne kwenye miti ya paa zinatosha, bila kutoboa chochote. Ukikipata kipya, kianike kivulini kwa saa 24 kabla ya kulalia, kisha kila usiku kichomeke chini ya godoro au mkeka.

Klorini na dawa ziwe kwenye kasha lenye kufuli, juu kuliko mtoto aliyesimama kwenye kiti anavyoweza kufika, mbali na jiko na jua. Plagi za 8 zinatosha kwa kasha dogo kwenye tofali la kuchoma. Zinahitajika nne, mbili juu na mbili chini.

Urefu wa bomba upimwe na mwenyewe

Kabla ya kutoboa, mwite mama au mzee mwenyewe. Achuchumae au akae akiwa amevaa nguo zake, anyooshe mkono anaoutegemea, na uweke alama pale anaposhika bila kujinyoosha. Kisha ainuke akishikiliwa na mtu, uweke alama ya pili. Bomba lililosimama wima au la mshazari kati ya alama hizo mbili humsaidia zaidi kuliko la kulala. Mtu aliyepooza upande mmoja apewe bomba upande wenye nguvu. Hili limesahauliwa mara nyingi.

Bomba likishafungwa, mtu mzima mwenye afya na mzito kuliko mwenye choo alishike, aegemee nyuma miguu ikiwa chini, avute mara kumi. Awepo mwingine nyuma yake wa kumdaka. Likicheza hata kidogo, halijawa tayari. Baada ya hapo livutwe tena kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa. Ukiona ufa unaozunguka bamba, au vumbi jipya chini yake, funga kamba nyekundu juu ya bomba ili watu wasilishike mpaka litengenezwe.

Jilinde wewe unayetoboa

Vumbi la tofali, zege na mchanga lina chembe zinazobaki ndani ya mapafu. Kwa fundi anayelivuta miaka mingi huleta ugonjwa usiopona. Lowanisha ukuta kidogo, funga kitambaa kinene kilicholowa au barakoa, fungua mlango na uwaondoe watoto. Vaa miwani, hata ya jua. Kitu kikiingia jichoni usisugue. Mwaga maji safi mengi taratibu. Kama ni kipande cha chuma kimekwama, usikitoe, funika jicho bila kulikandamiza uende kliniki. Ukichomwa na msumari au bati, osha kwa maji na sabuni kisha uende uulize juu ya chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Pia angalia waya za sola. Usitoboe juu wala chini ya swichi au taa kwa mstari ulionyooka, maana waya mara nyingi zimepita hapo.

Kama katika nyumba yako kuna mtu anayehitaji bomba la kushikia na hamna uwezo, mweleze mhudumu wa afya wa kijiji chako anapopita. Mwambie ukuta ni wa nini, una unene gani, na mtu huyo anatumia mkono upi. Mambo hayo matatu yakiandikwa, fundi atakuja na vifaa vinavyofaa safari ya kwanza.